Bwawa letu la mashua linatoa maji chini ya tuta, na wenzangu wanataka kuongeza mbao

MamaBwawani, Tororo

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Naandika nikiwa kibandani, mafuta ya samaki yako motoni, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha watu 23. Tunaendesha bwawa la burudani hapa upande wa Tororo. Ukisimama juu ya tuta asubuhi unauona Mwamba wa Tororo vizuri kabla jua halijakuwa kali. Bwawa lenyewe ni la udongo mtupu, kama ekari 4 za maji. Walilijenga wazungu wa klabu kabla ya Uhuru, wavue samaki na kupanda mashua siku za Jumapili. Klabu ilikufa zamani, nyumba yao umebaki msingi. Sisi tunakodi kwa familia yenye ardhi. Tuna mashua 4 za kukanyaga, banda la samaki, na bustani ambapo maharusi wanapigwa picha. Kiingilio shilingi 2,000, watoto bure, na mwenye kuja na chakula chake tunamtazama tu.

Tuta lina hatua zangu 160 kwa urefu. Kimo, nikisimama upande wa bondeni, ni kama mita 5. Juu gari linapita.

Sasa jambo lenyewe. Januari, kiangazi kikiwa kimekausha kila kitu, niliona chini ya tuta sehemu kama ukubwa wa mikeka mitatu imebaki kijani kama tuta la mchicha. Sitawadanganya, nilifurahi. Nikawaza kupanda sukuma. Pasaka nikapita hapohapo, mguu ukazama mpaka kifundoni, ndala ikabaki humo. Sasa hivi ni Agosti na kuna kijimkondo cha maji kinachotoka siku zote, mvua inyeshe isinyeshe. Kinatokea ubavuni mwa bomba la chuma la zamani. Narudia, ubavuni. Ndani ya bomba ni pakavu.

Nikalileta kwenye mkutano. Mwenyekiti wetu akasema bwawa lenye miaka zaidi ya sitini lazima litoe jasho, "hata mzee akiamka kukojoa usiku, utasema anakufa?" Watu wakacheka, ajenda ikapita. Mimi sikucheka kwa sababu bondeni ninawajua watu wote. Kuna nyumba 7, kuna wanaofyatua matofali, halafu mashamba ya mpunga mpaka darajani. Dada yangu ana nyumba ya tatu.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme yote. Juu ya tuta kuna mikaratusi 11, aliipanda mwenyekiti wa zamani kwa ajili ya kivuli na nguzo. Kuna kichuguu kimekua upande wa nje, sasa kinanifika kiunoni. Pale magari yanapopaki tuta limeliwa, limeshuka, mvua ikinyesha panakuwa dimbwi. Halafu kuna mlango wa mvua, ndivyo tunavyouita ule mfereji mpana ubavuni unaotoa maji bwawa likijaa. Mlangoni vijana wamekaza wavu wa chuma ili sato wasitoroke. Ndani ya mfereji wenyewe, kwa sababu miezi mingi ni mkavu, kuna kijana amejenga kibanda cha rolex, zile chapati za kukunja na mayai. Chapati zake ni nzuri, hilo silikatai.

Wiki iliyopita kamati imepitisha mawili. La kwanza, fundi mmoja apewe milioni 3.8 aje azibe lile tundu kwa sementi. La pili, tuweke mbao mlangoni mwa mvua, futi moja na zaidi kidogo, ili Septemba maji yakija yapande, mashua zifike mpaka chini ya miti, Krismasi tuvune. Hundi ni mimi ninayetia sahihi ya pili. Sijatia.

Je, mimi ni mwoga tu, au kuna kitu hapa?

---

BodaWaMalaba

Mama shikamoo. Hiyo milioni 3.8 ni wizi. Chukua udongo wa hicho kichuguu chako, ukande na maji, uzibe tundu kwa nje, ushindilie na miguu ya vijana wawili. Sisi nyumbani tulizibia hivyo tangi la ng'ombe na mpaka leo halivuji. Ukipika sato nitag.

---

FundiGreda, Mbale

Mama, pole na moshi. Mimi si injinia. Ni mtu wa greda na dozeri, nimefanya miaka 9 kwenye mabwawa ya mifugo, Nakasongola na baadaye Karamoja. Nimeona mabwawa yakijengwa, na mawili nimeyaona yakiondoka.

Ndugu yangu wa boda, udongo wa kichuguu ni mzuri sana, ila umeuweka upande mbaya. Ukiziba kwa nje maji hayarudi ziwani. Yanabaki ndani ya tuta, yanasukuma, yanatafuta pengine pa kutokea, na huko hutapaona mapema. Sementi ni hivyohivyo na ghali zaidi. Mama, kalamu yako ikae mfukoni.

Tuta lolote la udongo hupitisha maji kidogo, hapo mwenyekiti wako hajakosea. Unachotakiwa kujua ni yanatokea wapi, ni mengi kiasi gani, na yanabeba udongo au hayabebi. La kwanza umeshalijibu na jibu lako limenitoa usingizi. Ubavuni mwa bomba ndipo mahali pabaya kuliko pote. Wakati wa kujenga, udongo ulio chini ya mbavu za bomba ni mgumu kushindilia, na chuma cha miaka hiyo kimeshaliwa na kutu. Maji yakipata njia pale hutoa chembe moja ya udongo mdomoni, halafu ya nyuma yake, halafu ya nyuma yake tena. Tundu linatembea kinyumenyume kuelekea ziwani. Kwa juu huoni kitu, watu wanakula samaki. Siku likikutana na ziwa, hesabu ni ya saa chache.

Fanya hivi leo, hakuna gharama. Chimba kijifereji, ukusanye hayo maji, uyapitishe kwenye kipande cha bomba la plastiki. Tega jerikeni ya lita 20, chukua saa ya simu, andika inajaa kwa muda gani. Kisha yajaze hayohayo maji kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, iweke dirishani usiku mzima usiiguse. Asubuhi tazama kama kuna udongo umetuama chini. Simika pia kijiti chenye alama ziwani ili ujue maji yako wapi kila unapopima, maana jerikeni ikijaa haraka wakati ziwa halijapanda, kuna kitu kinapanuka.

Dawa ya pale chini ni kuyaacha maji yatoke na kuuzuia udongo. Safisha majani, mwaga mchanga safi wa mtoni, juu yake kokoto ndogo, juu yake kokoto kubwa, mwisho mawe ya kukandamiza. Mchanga unachuja, mawe yanatia uzito. Hiyo ni huduma ya kwanza. Bomba lenyewe litahitaji mtu mwenye elimu yake, ama liingizwe bomba la plastiki ndani na pengo lijazwe uji wa sementi, ama lizibwe moja kwa moja na litafutwe jingine. Nenda ofisi ya maji ya kanda ya Kyoga, iko hapahapa Mbale, chini ya Wizara ya Maji na Mazingira. Uliza na habari za kibali, maana Sheria ya Maji ya 1995 inayagusa mabwawa pia na msije mkakutwa hamna karatasi.

Mikaratusi: membamba kama mkono kateni sasa hivi. Minene msiing'oe ziwa likiwa limejaa, utaacha shimo la ukubwa wa choo ndani ya tuta. Na msiikate mkaisahau, mizizi ikioza inaacha mirija. Ngoja kiangazi, shusheni maji, mng'oe na visiki, mjaze udongo mfinyanzi tabaka kwa tabaka, kila moja sentimita 15, mshindilie, mpande nyasi za pasipalamu. Kichuguu kichimbwe mpaka malkia, pajazwe vivyo hivyo. Tazama na mashimo ya kenge karibu na maji, huyo mnyama anapenda tuta kuliko wewe.

Mbao. Mama, nipe namba moja tu. Chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule wa mafundi wa kujengea, upime kutoka kizingiti cha mlango wa mvua mpaka mahali tuta lilipo chini kabisa, yaani pale magari yanapopaki.

---

MamaBwawani

Ahsante mwanangu. Nimepima na vijana wa mashua. Kutoka kizingiti mpaka tuta lilipo zima ni mita 1 na sentimita 15. Kutoka kizingiti mpaka pale wanapopaki ni sentimita 70 tu. Tulirudia mara tatu, sikuamini.

Jerikeni imejaa kwa dakika 2 na sekunde 10. Chupa iko dirishani, mjukuu amekatazwa kuisogelea.

---

FundiGreda, Mbale

Hiyo ni kama lita 9 kwa dakika, karibu lita 13,000 kwa siku. Nimeona mabaya zaidi, nimeona na mazuri zaidi.

Sasa wapigie hesabu kamati. Wazungu waliwaachia mita 1.15 ya usalama, magurudumu yamekula 45, zimebaki 70. Mbao zenu za sentimita 40 zikikaa, zinabaki 30. Mvua moja ya Septemba usiku, na upepo ukisukuma mawimbi, maji yanapita juu ya tuta. Na yatapita wapi? Palepale kwenye parking, yote kwa pamoja. Udongo hauvumilii maji ya kumwagika juu yake, unachimbika kwa nje kama sukari. Pajazeni kwanza hapo, magari yakapaki kwingine.

---

MwalimuMstaafu, Jinja

Dada, mimi nimefundisha historia, mabwawa siyajui. Lakini uliposema wavu wa samaki mlangoni nimeacha chai yangu.

Pennsylvania, Marekani, kulikuwa na bwawa la udongo la South Fork, mali ya klabu ya matajiri wa Pittsburgh waliokuwa wakienda kuvua na kupanda mashua. Walilikuta limezeeka. Mabomba ya chini ya kupunguzia maji yalikuwa yameng'olewa, hawakuyarudisha. Walishusha kichwa cha tuta ili magari ya farasi yapite vizuri. Mlangoni mwa maji ya ziada wakaweka vyuma vya kuzuia samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 ikaja mvua kubwa, matawi na takataka vikaziba vile vyuma, maji yakapanda yakavuka tuta. Mji wa Johnstown ulikuwa bondeni. Walikufa watu zaidi ya 2,200.

Soma tena barua yako ya kwanza, hasa magari, bomba na wavu.

Na wasikuambie ni mambo ya kale ya Marekani. Solai, Nakuru, ni jirani tu hapo. Usiku wa 9 Mei 2018 bwawa la udongo la shambani lilipasuka, watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wakiwa nyumbani kwao.

---

MjukuuNaBabu

Naandika mimi mjukuu, maneno ni ya babu. Nilimsomea akanyamaza, kisha akauliza kama kuna mwembe mkubwa upande wa mlango wa mvua. Kama upo, bwawa hilo analijua, alikuwa kijana wa kushika kamba za mashua.

Anasema: Mwanangu, mwembe upo au walikata? Mvua ya 1961, ile iliyopandisha Nyanza, ziwa Viktoria, ilinikuta hapo. Maji yalipita mlango wa mvua mapajani kwa mtu, siku nyingi, usiku ukilala unasikia kama lori. Juu ya tuta halikupita hata tone. Mlango ule ulikuwa upana wa malori mawili, nyasi zimefyekwa, hata mbuzi haruhusiwi kufungwa pale. Na juu ya tuta hapakuwa na mti. Bwana mkubwa wao alikuwa anatembea kila Jumatatu na fimbo, akiona mche wa mti anaung'oa kwa mkono wake.

Kisha kulikuwa na gurudumu la chuma ndani ya kisanduku cha zege juu ya tuta, usawa wa lile bomba. Kila mwaka kabla ya mvua tulilizungusha watu wawili, chini linatoka tope jekundu kama damu ya ng'ombe, linatoka mpaka maji yawe safi, tunafunga. Gurudumu liliibwa miaka ya vita, nadhani liliuzwa chuma chakavu. Lakini mti wake wa chuma ulioshuka chini sidhani kama kuna aliyeweza kuung'oa. Chimbeni mtaukuta.

---

FundiGreda, Mbale

Shikamoo babu. Mmetupa ramani.

Mama, chimbeni muone, lakini MSIZUNGUSHE. Koki ambayo haijaguswa miaka 40 inaweza kufunguka ikavunjika, isifunge tena, na hilo bomba lililooza likapata maji ya nguvu ndani yake. Mwenye ofisi aje aione.

Kushusha maji tumia mipira miwili ya inchi 3 kupitisha juu ya tuta. Ijaze maji kabisa, ziba ncha zote mbili, ncha moja izame ziwani na nyingine ishuke bondeni mbali na tuta, kisha fungua zote pamoja. Inavuta yenyewe bila mafuta. Kasi isizidi shubiri moja kwa siku, ukikausha haraka udongo wa ndani unabaki umelewa maji na unaporomoka. Kwa mipira miwili na ekari 4 hutafika hata huko. Anza na sentimita 40.

Chupa vipi?

---

MamaBwawani

Shikamoo babu, mwembe upo, na unazaa.

Nimechelewa kurudi, siku tisa. Niwape habari zote.

Chupa ya kwanza ilinitisha, asubuhi nilikuta udongo chini unene wa kucha. Nikakumbuka nilikuwa nimeikandamiza kwenye tope. Nikarudia kwenye mdomo wa bomba la plastiki kama ulivyosema, usiku mitatu, chupa tatu. Safi zote. Nimezipanga dirishani, watu wanadhani nauza pombe.

Mkutano ulikuwa mkali. Niliingia na ule mpira wa kupimia na kipande cha mbao cha sentimita 40. Nikawachukua wote mpaka pale parking, nikasimamisha mbao, nikawaonyesha kilichobaki juu yake. Ni kama urefu wa ruler ya mtoto wa shule. Mwenyekiti hakutoa tena mfano wa mzee na mkojo. Alisema tu, "basi mbao zisubiri." Zisubiri nini hakusema, lakini nimeandika kwenye kitabu cha mkutano kwamba zimekataliwa, na yeye ametia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake. Yule fundi wa sementi ananipigia simu kila siku.

Wavu tumeutoa. Nyuma yake tulikuta migomba miwili, ndala sita zote za mguu wa kushoto, na kiti cha plastiki chetu tulichomtuhumu bwana harusi mmoja kwamba alikiiba. Namtafuta namba yake nimwombe radhi.

Kisanduku cha babu tumekikuta, chini ya mizizi ya mkaratusi wa nne, hatua 71 kutoka upande wa mwembe. Mti wa chuma upo, unene wa mkono wangu. Nimeufunika kwa bati na jiwe, na nimewaambia vijana atakayeugusa atalipa kiingilio maisha yake yote.

Mipira ilivuta siku 7, maji yameshuka sentimita 42. Jerikeni sasa inajaa kwa dakika 3 na sekunde 5. Mashua mbili zimekaa kwenye tope na bibi harusi wa Jumamosi amelalamika kwamba picha zake zina matope nyuma. Nimemrudishia nusu. Wa bondeni nimewatembelea nyumba zote 7 pamoja na mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, tumekubaliana kengele ya chuma ya banda ikigongwa bila kukoma, wapande upande wa kanisa, wasifuate njia ya darajani. Dada yangu ananiuliza kila jioni kama leo nitagonga.

Mchanga wa mto unakuja Alhamisi, tipa moja, kokoto nimepata kwa bei ya mtu wa nyumbani. Kesho asubuhi naenda Mbale ofisi ya maji na vipimo vyangu vyote kwenye daftari la hesabu. FundiGreda, kama upo mjini nitakuletea sato, nimemkaanga mkavu asiharibike njiani.

Kimebaki kibanda cha rolex. Kijana amekubali kuhama mlangoni mwa mvua kabla ya Septemba. Ila anasema mabati 8 na misumari alinunua kwa pesa yake, na ni kamati iliyompa pale mahali, ana risiti. Nimeiangalia risiti. Ina sahihi yangu.